Boga, Fisi na Sahihi Yangu

Mwanangu Naomi,

Najua ni kituko kukuandikia barua wakati uko hapa hapa nyumbani. Umekwenda tu kanisani kuagana na wanakwaya wenzako, na huenda kabla sijamaliza ukurasa huu utakuwa umerudi unauliza chai iko wapi. Lakini utaisoma ukiwa umeshafika, na barua isiyo na salamu mimi sijui kuiandika.

Baba yako hajambo, anakusalimu. Hivi ninavyoandika yuko uani amelipigia goti begi lako, analifunga kwa kamba ya katani ingawa zipu yake ni nzima. Anasema zipu si kitu cha kuaminiwa. Mdogo wako Elia hajambo, anakusalimu, anauliza kama kitanda chako sasa ni chake. Anauliza tu kwa adabu, mto ameshauhamisha. Bibi yako mzaa baba hajambo isipokuwa miguu, anakusalimu, na anasema huko ukikutana na mkubwa yeyote umwambie habari ya daraja letu. Nimemwambia huendi kukutana na wakubwa wa madaraja, akasema mkubwa ni mkubwa. Shangazi yako hajambo, na ushahidi ni kwamba bado anaongea. Ng'ombe hawajambo. Kuku wamepungua mmoja, ndiye uliyemla mchana. Mzee Mpinga mhunzi anakusalimu sana, na huyo mweke akilini maana atarudi mbele. Kuna mtu mmoja sijamtaja. Sijamsahau. Nitamtaja mwisho, utaona kwa nini.

Habari za kula, kulala, kufunga mlango na kutowaazima watu nguo zako sikuandikii. Shangazi ameshazisema zote tangu Jumapili, na nyingine amezisema mara mbili.

Nakuandikia kwa sababu ya lile ulilosema juzi tulipokuwa tunachambua mlenda. Nilikuuliza, hiyo ofisi yenu ya kuchunguza rushwa, wewe watakuweka wapi? Ukasema, "Mama, nimepangwa kwenye meza ya manunuzi ya silaha." Baba yako akacheka mpaka akakohoa. "Silaha? Huyu hata kuku hajawahi kuchinja, anashika miguu huku amefumba macho!" Ukacheka na wewe. Kisha ukasema, kwa sauti ya chini, kwamba unasikia kesi za namna hiyo hazifiki mwisho. Wakubwa wanaingilia, faili linaitwa juu, halirudi. Ukaniuliza, "Hivi huwa wanaingiliaje, mama?" Uliuliza tu, hukutegemea jibu, maana mama yako na darasa lake la nne atajua nini.

Nikasema maharage yanaungua, nikakimbilia jikoni. Mwanangu, siku ile hatukuwa na maharage jikoni.

Ninajua wanavyoingilia. Uchunguzi mmoja ulioingiliwa ulikuwa wangu.

Wewe ulikuwa kidato cha pili, uko bweni. Mwaka ule fisi walituchosha. Zamani walikuwa na aibu, wanakuja watu wamelala. Mwaka ule walikuja asubuhi kweupe, watu wakienda shamba, wanachagua mbuzi kama wako mnadani. Kijiji kikaamua sungusungu wetu wapate silaha za maana. Si bunduki, bunduki zina vibali vyake. Pinde na mishale kama ya wazee, ila mipya, na kuzilipia kila nyumba itoe debe la alizeti. Sote tulijua atakayeifua ni Mzee Mpinga, maana anafua mishale kwa misumari minene tangu mimi sijaolewa. Lakini Bwana Mtendaji wa kijiji akasimama akasema mambo ya silaha yana utaratibu, lazima apatikane mzabuni. Akapatikana upesi. Alikuja na koti kwenye jua la saa saba. Baadaye tulisikia ni shemeji wa mkubwa fulani huko juu, ila mimi wakati ule niliona koti tu.

Mishale ikaja kwenye magunia, tukaipokea kwa wimbo. Na mimi niliimba, tena sauti ya kwanza.

Wiki haijaisha, fisi akaja. Shabani, kamanda wa sungusungu, akamlenga karibu, kama kutoka hapa hadi jikoni. Mshale ukampata ubavuni. Shabani mwenyewe ndiye anayesimulia: fisi aligeuka, akamwangalia kama mtu aliyeguswa bega kwenye foleni, kisha akaendelea na safari akiwa na mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikuwa wa Shabani. Mshale waliuokota chini, ncha imejikunja kama kidole kinachomwita mtu.

Mkutano wa kijiji ukawaka moto. Ikaundwa kamati ya uchunguzi ya watu watatu. Shabani kwa kuwa ndiye aliyepiga, Mzee Mpinga kwa kuwa anajua chuma, na mimi kwa kuwa lazima awepo mwanamke. Nilifurahi, nisikufiche. Nilinunua daftari.

Na siku ya kwanza tulichunguza kweli, usidhani. Mzee Mpinga alisema, "Tusibishane. Leteni boga." Nikaleta la kwangu, lile la kijivu lenye ganda gumu. Tukaliweka juu ya kichuguu, Shabani akahesabu hatua kumi. Mshale wa kwanza ulidunda. Wa pili ulijikunja. Wa tatu ulishika kidogo kwenye ganda, ukatulia kama unafikiri, ukaanguka. Mzee Mpinga akavua kofia.

"Mama Naomi," akasema, "hili boga lipeleke likalinde mbuzi."

Nikachukua kichwa cha mshale mmoja nikakisugua kwa majivu, kama ninavyosugua sufuria. Rangi nyeusi ikatoka. Chini yake hapakuwa na chuma. Palikuwa na bati la debe la mafuta ya kula, na kwenye bati nusu ya ua la alizeti, limechorwa vizuri, na manjano yake yote. Tulitoa alizeti, mwanangu, tukarudishiwa picha yake. Kile kichwa nilikifunga kwenye kitambaa nikakiweka kwenye kopo la chumvi. Kipo mpaka leo, na chumvi yetu unaijua ladha yake.

Sasa hapo ndipo wakaja. Mimi nilijua wataingilia kwa fimbo. Nilijiandaa kabisa, wiki nzima nilivaa suruali ya baba yako chini ya gauni, kama itabidi kukimbia. Hawakuja na fimbo. Walikuja na barua.

Barua kutoka juu ilisema habari za silaha ni siri ya ulinzi, kwa hiyo kamati isitaje hadharani idadi ya mishale, wala aina yake, wala ilivyotengenezwa. Bwana Mtendaji aliisoma kwa sauti ya mazishi. Mzee Mpinga akanyoosha mkono.

"Siri gani, Bwana Mtendaji? Mama Zuhura anaichomea mishikaki mnadani."

"Mzee, hiyo nayo ni siri."

"Na wanaokula hiyo mishikaki?"

"Wale, wanyamaze."

Baada ya barua tukaambiwa tusubiri mtaalamu. Mtaalamu hakuja, ikaja mvua, tukalima. Ulipoisha msimu wa kulima hakuna aliyeuliza tena isipokuwa Mzee Mpinga, na yeye akaitwa mwenye wivu kwa sababu alikosa ile zabuni. Na kweli aliikosa. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba anayekijua kitu vizuri ndiye wa kwanza kuambiwa ana lake jambo.

Nikabaki mimi. Mimi walinipata kwa kiti.

Ilisemekana mgeni mkubwa atapita kijijini kwetu. Bwana Mtendaji akaja hapa nyumbani, akakaa kwenye kigoda kile kibovu bila kulalamika, akasema, "Mama Naomi, tumekuweka kwenye kamati ya mapokezi. Utakaa mbele." Akanipa na kitenge. Naomi, mimi tangu nizaliwe sijawahi kukaa mbele kwenye jambo lolote la serikali. Nakaa chini, nyuma, na mara zote mbele yangu kuna mwanaume mwenye kofia. Siku tatu nilijifunza kukaa. Cheka tu. Nilikaa juu ya stuli jikoni, mgongo umenyooka, mikono mapajani, baba yako akaniuliza kama tumbo linaniuma.

Siku moja kabla ya ugeni Mtendaji akarudi na karatasi imeshapigwa chapa. Taarifa ya kamati. Yetu sisi, tulioiandika bila kujua. Akasema, "Ni utaratibu tu, mama. Mgeni hawezi kukuta uchunguzi haujafungwa. Ni kama kumkaribisha mtu na vyombo havijaoshwa."

Hapo alinimaliza. Mimi na vyombo unanijua.

Akanisomea. "Kamati imejiridhisha kwamba mishale ni mizima na ina ubora. Kasoro ilikuwa kwa fisi, ambaye hakuwa fisi wa kawaida."

Nikamuuliza, "Na boga?"

Akafunua ukurasa wa pili. "Boga halikukidhi vigezo."

Kila mwaka wanatukusanya hapa na kutuambia tuache ushirikina. Siku ile, kwa ajili ya shemeji wa mtu, waliamini fisi wa uchawi na wakampigia muhuri. Shabani alikuwa ameshatia sahihi, maana kwake ilikuwa afadhali fisi awe wa ajabu kuliko yeye kuonekana hajui kulenga. Mzee Mpinga alikataa. Alisema, "Chuma nakijua na bati nalijua. Fisi huyo simjui." Mimi niliangalia kitenge kilichotundikwa ukutani. Nikaandika jina langu lote, kwa mwandiko wa taratibu, herufi zimepangana. Mtendaji akasema nina mwandiko mzuri. Nikasema asante.

Na ujue kiti chenyewe kilikuwaje. Tulikaa juani tangu asubuhi. Saa kumi gari la mgeni likatokea, likapunguza mwendo, mkono ukatoka dirishani ukapunga, likaenda zake. Mkono wenyewe ulipunga upande wa pili wa barabara, kulikokuwa na punda.

Nilirudi nyumbani nikijiambia hakuna aliyeumia. Bati ni bati, mbuzi ni mbuzi. Kosa langu lilikuwa hilo, kubwa kuliko sahihi. Nilidhani kesi ukiifunga inakwisha. Haikwishi. Kama mshale ni mzima na fisi ndiye mwenye kasoro, basi huyo fisi ana mwenyewe, na watu wakaanza kumtafuta mwenyewe. Hawakumtafuta kwa mwenye koti. Walimtafuta pale ambapo hakuna wa kubisha.

Wakampata Bibi Yunisi.

Wewe unamfahamu kwa mlenda wake mkavu, na kwa kuwa anaishi peke yake kule karibu na korongo. Ulipokuwa unarudi likizo uliniuliza kwa nini siku hizi hatununui kwake, nikakuambia mlenda wake umekuwa na mchanga. Haukuwa na mchanga. Watu walisema mbuzi wake mmoja mbona haliwi. Haliwi kwa sababu analala naye ndani, kamba ya mbuzi ameifunga kwenye mguu wa kitanda, lakini nani atasikiliza hilo wakati taarifa ya serikali ina muhuri? Kanisani wakaanza kumwachia nafasi kwenye benchi, huku watu wawili, kule watu wawili, katikati yeye na pochi yake. Na mimi nilihama benchi. Nilisema nafuata upepo wa dirishani. Dirisha lile halifunguki.

Siku moja tulikutana kisimani, hatuna pa kukwepana. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Nikajikaza nikamuuliza anaonaje haya maneno ya watu. Akajitwisha ndoo yake, taratibu, akasema, "Mama Naomi, ningekuwa na fisi wa kupanda, ningekuja kuteka maji kwa miguu?"

Nilicheka mpaka nikamwaga maji yangu. Yeye hakucheka. Alinisubiri nimalize, akasema, "Wewe uliisoma ile karatasi kabla ya kutia sahihi, au hukuisoma?" Nikasema nilisomewa. Akasema, "Basi vizuri," akaondoka. Miaka yote hii nimejaribu kujua ile "vizuri" ilikuwa na maana gani.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi huu fisi wamechukua tena mbuzi, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba Jumamosi hii kuna mkutano wa kijiji, na ajenda ya tatu ni kumhamisha Bibi Yunisi "kwa usalama wake". Ahamishiwe wapi, haijaandikwa. Kitakachosomwa kama ushahidi ni taarifa ya kamati, yenye jina langu lote kwa mwandiko mzuri.

Nilipanga kukuomba kitu, na nakuambia ili ujue mama yako ni mtu wa namna gani. Nilipanga kukuomba, ukifika tu, upige simu moja kwa Mtendaji. Useme tu unatoka ofisi ile. Usitishe, usidai, useme tu jina la ofisi na unyamaze kidogo. Maneno nilikuwa nimeshayatunga. Nikaenda kuyajaribu kwa Mzee Mpinga, akaendelea kuvukuta moto wake, akasema, "Kwa hiyo na sisi tumepata shemeji huko juu."

Nilirudi nyumbani nikiyafuta kichwani yale maneno yangu. Simu hiyo usiipige, Naomi. Hata nikikuomba siku nyingine kwa kulia, usiipige. Na wengine watakuomba, tena watu wazuri, wenye shida za kweli, watakuja na maneno laini kama yangu.

Baba yako hataki nisimame Jumamosi. Anasema, "Utamharibia mtoto kazi kabla hajakalia kiti chake." Naogopa hilo, nisikudanganye. Siku mbili hizi sipati usingizi mzuri, naona watu wanapekua majina, wanauliza huyu binti ni mtoto wa yule mama wa boga? Lakini nafikiri pia habari ya meza yako. Huko silaha si za bati, na wanaotumwa kuzishika ni watoto wa watu. Siku moja watakuletea karatasi imeshaandikwa, na ndani yake kosa litakuwa la fisi. Sijui huko mjini fisi wenu anaitwaje. Labda atakuwa karani, au dereva, au mtu aliyekwisha kufa. Sikufundishi kazi, mimi najua mahindi. Nakuomba tu, kabla hujashika kalamu, ujiulize Bibi Yunisi ni nani kwenye hiyo karatasi. Mimi sikujiuliza. Nilikuwa nawaza nitakavyokaa.

Kwenye begi, ndani ya soksi nyeusi, nimekuwekea kichwa cha mshale, kile kilichojikunja kwenye boga. Chenye ua nabaki nacho, nitakihitaji Jumamosi. Wakikupekua mlangoni kazini wakauliza kama ni silaha, waambie hapana, wewe ndiye mchunguzi, una uhakika. Kiweke mezani kwako. Wakubwa wakiuliza, sema ni cha kufungulia bahasha, ingawa sidhani kama kinaweza.

Na yule niliyesema nitamtaja mwisho: Bibi Yunisi hajambo, anakusalimu. Nilikwenda kwake asubuhi hii kwa mara ya kwanza tangu ile sahihi. Nilitaka kumwambia yote, nikaishia kusema Naomi anasafiri kesho. Akaingia ndani, mbuzi akatoka kunitazama, kisha yeye akatoka na kifurushi cha mlenda. "Mpe mtoto. Mwambie hauna mchanga." Kumbe alijua na hilo. Upo chini kabisa ya begi, umefungwa kwenye gazeti.

Ukifika tu nijibu, usingoje kupumzika, maana Jumamosi si mbali. Tuma ujumbe kwenye simu ya baba yako, maneno machache na ya wazi, nitausoma mwenyewe. Usiniambie nisimame au nisisimame, hilo nimeshalimaliza. Nitakwenda mapema ili nikae chini, nyuma, mahali pangu, na nitasimama hapo hapo. Niambie tu wewe uliyesoma: mtu akisimama mbele ya watu kuondoa sahihi yake, anaanza kwa kusema nini? Nikikosa jibu lako nitaanza na boga.

Nasikia mlango wa uani, umerudi, na unauliza chai.

Mimi mama yako,
Mama Naomi